Intaneti Ikikata Geto, Anza na Kilicho Mkononi Mwako

Wanachuo wenzangu, wiki ya kukusanya asaimenti hakuna taarifa inayopandisha presha kama hii: "Net imekata." Ikishasemwa, nyumba nzima inageuka mafundi. Mmoja anachomoa nyaya, mwingine anabonyeza kila kitufe anachokiona, wa tatu anauliza nani hajatoa mchango wa mwezi huu. Wakati huo mfumo wa chuo unafungwa saa 5:59 usiku, na bando kwenye simu limebaki MB chache ambazo hazitoshi kupakia hata kurasa tano.

Wengi tuliopanga nje ya chuo tunachangia ruta moja watu watano au sita. Boom likitoka tunalipa bila maneno, likichelewa tunasukumana. Kwa hiyo net ikikata, kinachouma si asaimenti peke yake. Kuna hela ya watu pale, na lawama huwa zinamwangukia yule aliyeonekana mara ya mwisho karibu na ruta. Mimi nasoma ualimu, sisomi kompyuta. Haya nimeyajua kwa sababu kwenye nyumba yetu hakuna anayesoma kompyuta, ikabidi mmoja wetu akae asome karatasi iliyokuja kwenye boksi la ruta. Nilichokikuta ni kanuni ile ile tunayoandika kwenye kila andalio la somo: toka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana.

Waifai si intaneti

Hili tulimalize kwanza. Chukulia maji ya nyumbani. Kuna bomba la jikoni, kuna simtanki juu, kuna bomba linaloingia kutoka mtaani, na kuna chanzo chenyewe huko mbali. Waifai ni ule mpira mfupi kutoka simtanki hadi jikoni. Vimistari vya waifai vikijaa kwenye simu yako, maana yake ni kwamba simu na ruta vinasikilizana vizuri. Havikuambii kama simtanki lina maji. Ndiyo maana unaweza kuwa na vimistari vyote na bado hata ujumbe mmoja usitoke.

Basi njia ina vipande vinne: kifaa chako, ruta, laini inayotoka nyumbani hadi kwa kampuni inayowauzia huduma, na dunia ya nje. Net imekata maana yake kipande kimojawapo kimekata. Kazi yako ni kujua kipi, ukianza na kilicho karibu.

Ni mimi tu au ni wote?

Swali hili linachukua nusu dakika na linaokoa ugomvi mwingi. Kama simu za wenzako zinafanya kazi, usiguse ruta kabisa, kwa sababu tatizo ni lako. Zima waifai ya simu na uiwashe tena. Ikigoma, iambie simu iusahau mtandao huo, kisha ingia upya na nywila. Angalia kama umeacha programu ya VPN ikiwa imewashwa. Angalia pia tarehe na saa. Kompyuta ikiwa na tarehe ya uongo, tovuti nyingi salama zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kama wote mnashindwa kuingia sehemu moja tu, tuseme mfumo wa chuo, lakini tovuti nyingine zinafunguka, ruta yenu ni nzima na tatizo liko huko chuoni. Hapo usihangaike na nyaya. Piga picha ya skrini inayoonyesha kosa na saa, umtumie mwalimu wa somo kabla muda haujaisha. Ushahidi wa saa 5:40 una nguvu kuliko maelezo ya kesho asubuhi.

Soma taa kabla hujagusa kitu

Kama nyumba nzima haina net, nenda kwenye ruta, lakini weka mikono nyuma kwanza. Taa zinazungumza. Taa ya umeme ikiwa imezima, tatizo ni umeme au adapta. Jaribu soketi nyingine. Na tafadhali, usichomeke adapta yoyote kwa sababu tu pini yake inaingia. Soma nyuma ya ruta: ikidai volti 12, iletee ya volti 12, ampea zisipungue zile zilizoandikwa, na alama za chanya na hasi zifanane. Ruta ya volti 9 ikipewa volti 12 inaweza kuungua, na hapo mchango utakuwa wa kununua ruta mpya.

Kwa walio na faiba, tafuta taa mbili: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, ruta inasikilizana na mitambo ya kampuni. Ikipepesa tu muda mrefu, inajaribu kujiunga na inashindwa. LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki. Ndani ya ule waya mwembamba kuna uzi wa kioo, na data inapita humo kama mwanga. Ukikunjwa sana, ukibanwa na mguu wa kitanda au kichwa chake kikilegea, mwanga unapotea. Fuata waya kutoka ruta hadi ukutani, unyooshe taratibu pale palipokunjamana, hakikisha kichwa kimekaa. Usiuchomoe ukachungulia ndani. Mwanga huo hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu, maswali ni mengine: bando limeisha? Laini imekaa vizuri? Taa ya mawimbi inaonyesha nini? Ruta ya aina hii ukiisogeza kutoka kwenye kona ya sebule hadi dirishani, mara nyingi inapata uhai.

Na kwa wote, kabla ya kuendelea, angalieni tarehe ya malipo. Huduma iliyokwisha muda haiponywi na ufundi.

Kuzima na kuwasha si uchawi

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina kumbukumbu, ina programu, na inakaa macho wiki nzima bila kupumzika. Programu inaweza kukwama, kumbukumbu ikajaa, au anwani iliyopewa na kampuni ikawa imepitwa na wakati. Ukizima na kuwasha inaanza upya na kuomba anwani mpya. Chomoa umeme, subiri sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha chomeka. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaharibu, iache dakika tatu hadi tano. Ukizima tena baada ya dakika moja kwa sababu "bado haijaja", unaikata katikati ya kazi. Kama mna vifaa viwili, kimoja cha kampuni na kingine cha waifai, washeni kwanza cha kampuni, taa zake zitulie, ndipo mwashe cha pili.

Umeme ukikatika, ni vizuri kuchomoa ruta na kungoja urudi na utulie. Ile dakika ya kwanza ya umeme kurudi huwa na misukosuko ambayo adapta nyingi haziipendi.

Sasa, kuna kitundu kidogo nyuma kimeandikwa RESET. Hicho si cha kuzima na kuwasha. Ukikibonyeza sekunde kama kumi, ruta inafuta kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Muhula uliopita mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alichukua pini akakibonyeza. Taa zikazima, zikawaka, watu wakashangilia. Kumbe jina la mtumiaji na nywila ambavyo fundi aliviingiza siku ya kutufungia huduma vilikuwa vimefutika, na hakuna aliyekuwa ameviandika. Ilikuwa Ijumaa jioni. Fundi alifika Jumatatu, akavirudisha, halafu akatuonyesha tatizo la mwanzo: waya wa faiba ulikuwa umebanwa na kabati. Dada wa chumba cha mwisho alikuwa na kazi ya alama 20. Alipanda daladala usiku ule akaenda kukaa kwenye ngazi za nje ya maktaba, aipate waifai ya chuo. Kwa hiyo kanuni ni moja: usifute usichoweza kukirudisha.

Majaribio matatu ya laptopu

Taa zikionekana sawa na bado hakuna kitu, fungua Command Prompt kwenye Windows na uandike ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yenu, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiona kompyuta yako yenyewe ina anwani inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Imejipa ya kubuni. Zima waifai, uiwashe tena.

Kisha andika ping ikifuatwa na anwani ya ruta. Ikijibu, wewe na ruta mko sawa. Pili, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Ikijibu, intaneti ipo hadi dunia ya nje. Tatu, andika ping google.com. Kama ya pili imejibu na ya tatu imegoma, tatizo ni DNS, yaani huduma inayobadili majina ya tovuti kuwa namba. Ni kama simu yenye salio lakini majina yote yamefutika: mtu yupo, ila humpati kwa jina. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa kompyuta yako, sehemu ya DNS, uandike 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Kama ya kwanza inajibu na ya pili imegoma, kukatika kuko baina ya ruta na nje. Hapo kazi yenu imekwisha, mpigieni mtoa huduma.

Wakati mwingine ni bahari

Jumapili ya 12 Mei 2024, mikongo miwili iliyolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na nchi nyingine zikasota na intaneti ya kusuasua au kutokuwapo. EASSy peke yake ina urefu wa kilomita kama 10,000, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, na inatia nanga Dar es Salaam pia. Siku kama hiyo ruta ya geto ni nzima, waya ni mzima, na hakuna aliyekosea. Dalili yake ni kwamba majirani wenye kampuni tofauti nao wanalia. Uliza nyumba ya pili kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Mkimpigia mtoa huduma, msiseme tu "net haipo". Semeni imekata saa ngapi, taa ipi ina rangi gani, mmeshazima na kuwasha, na ping ipi imegoma. Ombeni namba ya malalamiko, muiandike. Mtu wa huduma kwa wateja akisikia hivyo, hana sababu ya kuwarudisha kwenye "zima uwashe" na kuwapotezea saa nzima.

Wenzangu wa ualimu, hili litatufuata hadi kazini. Ukifika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mkuu wa shule atakuonyesha ruta iliyozima na kusema, "Wewe si kijana wa chuo? Hebu tuangalizie."

Kwa hiyo chukua karatasi, andika: ni nani anakosa, taa zinasemaje, malipo lini, zima sekunde 30 na usubiri dakika tano, ping tatu, majirani vipi. Chini yake andika namba ya mtoa huduma, namba ya akaunti yenu na nywila alizoacha fundi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati lililo karibu na ruta, wageni wasiisome. Iwe karatasi kweli, usiihifadhi mtandaoni, maana siku utakayoihitaji hutakuwa na net ya kuifungulia.