Kagua Sakafu Kabla ya Kuweka Chumba Baridi

Wafanyabiashara wa Nunguni wanaotaka kugeuza duka au ghala kuwa chumba baridi cha kabeji, parachichi au nyama wanashauriwa kuikagua sakafu ya zege kabla ya kununua mashine.

Anza na pimamaji. Sakafu ikiinama, kuta hazitakutana sawasawa, mlango hautafunga vizuri, na baridi uliyoilipia stima itatoka nje. Kisha tandaza kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake asubuhi, unyevu unapanda kutoka ardhini.

Kwa kuhifadhi mboga bila kugandisha, sakafu kavu isiyo na nyufa huenda ikatosha. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni jambo jingine, hata katika baridi ya milima ya Kilungu. Ubaridi wake hupenya hadi kwenye udongo, maji yaliyomo huganda na kutanuka, na sakafu huinuka na kupasuka, pengine baada ya miaka. Kwa hiyo friza huhitaji tabaka la kuzuia joto juu ya zege. Tabaka hilo huinua sakafu: pima kwanza urefu wa dari, na upange mteremko wa mkokoteni mlangoni.