Dhana ya Mwingiliano Katika Ufundishaji wa Udaktari kwa Kompyuta

Sehemu hii inafafanua mwingiliano kama dhana hiyo inavyotumika katika utafiti huu. Kumwonyesha mwanafunzi video si mwingiliano, hata kama video hiyo imo ndani ya kompyuta. Mwingiliano hutokea pale tendo la mwanafunzi linapobadili kile atakachokiona au kukisikia baadaye.

Mfano wa awali ni diski ya leza iliyounganishwa na kompyuta, ambayo ilitumika Marekani katika miaka ya 1980. Upande mmoja wa diski hiyo ulibeba picha mnato 54,000, au dakika 30 tu za picha jongefu, na kompyuta iliweza kuifikia picha yoyote kwa namba yake. David Hon aliitumia kufundisha ufufuaji wa moyo na mapafu. Mwanafunzi alikandamiza kifua cha sanamu yenye vitambuzi, na mwalimu katika skrini akamsahihisha palepale. Kwa ujuzi wa mikono njia hii inatosha, kwa kuwa makosa yanahesabika: mkono umewekwa pasipo, mkandamizo ni hafifu, au kasi imezidi.

Kumhoji mgonjwa ni jambo jingine. William Harless na wenzake, katika Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, walitengeneza mgonjwa wa kuigizwa ambaye mwanafunzi alimhoji kwa sauti. Hata hivyo, kila jibu lilikuwa limerekodiwa kabla. Swali lisilotarajiwa halikuwa na jibu, na dakika 30 ni chache mno kwa maisha ya mtu. Hatari yake, kwa maoni ya mtafiti, ni kwamba mwanafunzi huzoea kuuliza yale tu ambayo mashine inayaelewa. Kasoro hii ni kubwa kuliko ubora hafifu wa picha, ingawa ni picha ndiyo inayosifiwa zaidi.

Nchini Tanzania tatizo hili lina sura ya pekee. Mwanafunzi hufundishwa udaktari kwa Kiingereza, kisha hukutana na mgonjwa anayesema ana kichomi, au kwamba tumbo linamsokota. Neno kichomi laweza kumaanisha maumivu ya ubavuni, au nimonia yenyewe. Daktari hana budi kuuliza zaidi. Programu ya kigeni iliyotafsiriwa kwa maandishi chini ya picha humpa mwanafunzi maana iliyokwisha kuchambuliwa, hivyo humwondolea kazi hasa aliyopaswa kujifunza.

Kwa sababu hiyo, kigezo cha kwanza cha kutathmini programu katika utafiti huu ni idadi ya maswali ya Kiswahili yanayobaki bila jibu.