Kifaa Kinacholalamika Huenda Ni Kizima

Mashine ya kiwandani ikisimama na skrini ikaandika kwamba kifaa namba 7 hakipatikani, wengi wetu tunakimbilia stoo kuchukua kipya. Kinafungwa, mashine inawaka, watu wanarudi kwenye chai. Kesho yake kinapotea namba 9. Ugonjwa mara nyingi uko kwenye waya.

Katika PROFIBUS, mtandao ulioanza kubuniwa Ujerumani mwaka 1987 na bado umejaa viwandani, vifaa vyote huwasiliana kwa nyaya mbili, ya kijani na nyekundu, ndani ya kebo ya zambarau. Ishara ikifika mwisho wa laini bila kufyonzwa, hurudi kama mwangwi na kuvuruga zinazofuata. Ndiyo maana kila ncha huwekewa kikinzani cha ohm 220, kinachowashwa kwa kiswichi kwenye plagi yenyewe. Kikinzani hicho hufanya kazi vizuri kikipata volti 5 kutoka kwenye kifaa kilichochomekwa. Mtu akizima kifaa cha mwisho ili akisafishe, jirani yake mzima ndiye atakayelalamika.

Basi zima umeme, chomoa plagi zote kwenye vifaa, kisha pima pini ya 3 na ya 8 kwenye plagi ya nchani. Ukipata ohm 110 na kidogo, vikinzani vyote viwili vinaonekana. Ukipata 220, kimoja hakijawashwa au waya umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Fungua plagi utafute uzi wa shaba uliochomoza.

Usiridhike na 110 ya upande mmoja, nenda ukapime ncha ya pili. Kule ukikuta 220, kuna kiswichi cha plagi ya katikati ya laini kimewashwa: katika plagi nyingi, kiswichi kikiwashwa hukata kebo inayoendelea mbele.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ni kazi nyingine. Ikitokea kila mota kubwa inapowaka, kagua trei ya kebo. Kebo ya data haitakiwi kulala pamoja na ya mota; zitenganishe walau sentimita 20, na wavu wa shaba wa kebo ya data ubanwe kwenye ethi pande zote mbili.

Wapo wanaoshusha kasi ya mtandao na kosa likatoweka. Hiyo ni sahihi tu kama laini ilikuwa ndefu kupita kiasi: kwa megabiti 12 kwa sekunde mwisho ni mita 100, kwa 1.5 ni mita 200. Kama laini ni fupi, rudi kwenye plagi.