Gari la spoti kutoka Japani: bei ya mnada si bei ya Kilindini

Kijana anaona Nissan Fairlady Z kwenye mnada wa Japani, anaongeza nauli ya meli, anadhani hesabu imekwisha. KRA haitozi kodi kwa bei uliyonunulia. Huanza na orodha yake ya bei za magari mapya, ikapunguza kwa umri wa gari. Hata ukilipata kwa bei ya kutupa, kodi haishuki.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, asilimia 35, ni 350,000. Ushuru wa bidhaa hupigwa juu ya 1,350,000, si juu ya ile milioni. Injini ya petroli inayozidi cc 3,000, kama ya baadhi ya Fairlady, hutozwa asilimia 35: shilingi 472,500. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote hayo, 291,600. Kodi hizi tatu ni 1,114,100, zaidi ya thamani yenyewe, na bado tozo ya reli, ada ya uagizaji, wakala na bandari.

Toyota 86 ya cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 25. Kwa thamani ileile, unaokoa 156,600.

Wenye ndoto ya Skyline R34 wasahau: gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe halikubaliwi.