Ukisema Kampuni Inakupunja: Tujifunze kwa Wenzetu wa Thailand



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Nikiandika kwenye simu yangu kwamba kampuni inanipunja, kampuni yaweza kunipeleka mahakamani?"

Wa kwanza kutuuliza alikuwa mama mmoja mchuma chai. Alipiga picha mzani wa shambani, akaituma kwenye WhatsApp pamoja na maneno mawili tu: "Mzani mwizi." Baada ya wiki mbili akapata barua ya wakili wa mwajiri wake, ikimtaka aombe radhi au ashtakiwe. Mama yule akaogopa, akaifuta picha. Wenzake waliokuwa wakilalamika pamoja naye wakanyamaza wote. Na mzani wenyewe haukukaguliwa na mtu.

Jibu la swali ni ndiyo, kampuni yaweza. Lakini hiyo haina maana kwamba mfanyakazi afunge mdomo. Tunaeleza hapa sheria hii inavyofanya kazi, na jinsi wafanyakazi wenzetu wa nchi ya mbali walivyoshtakiwa wakashinda.

KASHFA NI NINI

Kashfa ni kumchafulia mtu jina lake mbele ya watu wengine. Sheria ya kashfa si mbaya kwa asili yake. Hata mfanyakazi akiitwa mwizi kwa uongo yaweza kumlinda. Kampuni nayo ina jina, na sheria hulitambua.

Kesi zake ni za namna mbili. Kesi ya madai ni ile ambayo aliyechafuliwa anadai fidia ya fedha. Kesi ya jinai ni ile ambayo mshtakiwa akipatikana na hatia aweza kufungwa au kutozwa faini.

Shida huanza pale pande mbili zisipolingana. Kampuni ina mawakili wa kulipwa kila mwezi. Mfanyakazi akienda mahakamani siku moja, amepoteza ujira wa siku moja, pamoja na nauli. Kesi ikichukua miaka minne, kampuni haina haja hata ya kushinda. Mshtakiwa amekwisha kuchoka, na wenzake wamekwisha kuona na kuogopa. Kesi za namna hiyo sisi tunaziita kesi za kunyamazisha.

KIWANDA CHA MANANASI

Thailand husindika mananasi na kuyauza Ulaya katika makopo. Kazi hiyo hufanywa sana na wahamiaji kutoka Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Mwaka 2012 Mwingereza mmoja, Andy Hall, aliwahoji wafanyakazi wa kiwanda cha kampuni ya Natural Fruit. Januari 2013 shirika la Finnwatch la Finland likachapisha taarifa na kuiweka kwenye mtandao. Wafanyakazi walisema humo kwamba pasipoti zao zilizuiliwa, kwamba walilipwa chini ya kima cha chini cha mshahara, na kwamba watoto walikuwa kazini. Kampuni ilikana.

Mwezi uliofuata kampuni ilianza kumshtaki Hall kwa kashfa na kwa sheria ya makosa ya kompyuta. Kwa upande wa madai ilitaka baht milioni 300, karibu dola milioni 10. Septemba 2016 mahakama ya Bangkok ilimtia hatiani katika kesi kubwa ya jinai. Alipewa kifungo cha miaka 3 kilichoahirishwa na faini ya baht 150,000. Akakata rufani. Mei 2018 mahakama ya rufani ikamwachilia, na Juni 2020 Mahakama ya Juu ya nchi ikathibitisha kwamba hana hatia.

Hesabuni, ndugu: tangu 2013 hadi 2020 ni miaka saba, kwa taarifa moja. Na huyu alikuwa mtu mwenye marafiki wa kimataifa. Je, mfanyakazi wa kawaida?

SHAMBA LA KUKU

Hao wa kawaida ndio tunaotaka mwajue. Katika mkoa wa Lopburi, nchini humo humo, wafanyakazi 14 kutoka Burma walifanya kazi kwenye shamba la kuku la kampuni ya Thammakaset. Mwaka 2016 walitoka kwa pamoja na kupeleka malalamiko kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Walisema kwamba walifanya kazi mpaka saa 20 kwa siku, kwamba walikosa siku za mapumziko, na kwamba ujira wao ulikuwa chini ya kima cha sheria. Kampuni ilikana.

Idara ya kazi ilichunguza. Agosti 2016 iliamuru kampuni iwalipe baht milioni 1.7, karibu dola 48,000, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaikubali amri hiyo. Ushahidi wao ulikuwa nini? Ulikuwa kadi zao za saa, zile za kuingilia na kutokea kazini. Kadi hizo ziliwauma wakubwa hata kampuni ikashtaki kwamba zimeibwa!

Hata kabla fedha hazijalipwa, Oktoba 2016 kampuni iliwafungulia wote 14 kesi ya jinai ya kashfa, kwa sababu ya yale waliyoiambia Tume. Thailand kampuni yaweza kufungua kesi ya jinai yenyewe, bila kungoja mwendesha mashtaka wa serikali. Julai 2018 mahakama iliwaachilia wote. Walikuwa wamelalamika kwa nia njema, mbele ya chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Kampuni haikuishia hapo. Mmoja wa wale 14 alishtakiwa tena kwa maneno aliyosema katika filamu fupi na katika mkutano uliorushwa kwenye Facebook. Wengine walishtakiwa kwa kusambaza filamu hiyo tu. Mwandishi wa habari aliyeandika kwenye mtandao kwamba ile ilikuwa kazi ya utumwa alihukumiwa kifungo cha miaka 2 mnamo Desemba 2019, na mahakama ya rufani ikamwachilia Oktoba 2020. Kwa jumla kampuni ilifungua kesi zaidi ya 30 dhidi ya watu zaidi ya 20.

Angalieni jambo hili. Ile kazi ndiyo iliyompatia mwandishi taabu kwa neno moja, utumwa. Wafanyakazi wenyewe walishikilia saa, siku na ujira, na kadi zikawasemea.

KWETU AFRIKA

Msidhani mambo haya ni ya Asia tu. Huko Afrika Kusini kampuni za madini ziliwadai mawakili na watetezi wa mazingira randi zaidi ya milioni 14 kwa maneno waliyosema na kuandika kupinga uchimbaji. Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema kwamba mshtakiwa aweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi imefunguliwa ili kumnyamazisha.

Kenya, Februari 2017, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha sheria ya jinai kilichofanya kashfa kuwa kosa la kufungwa. Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Hayo ni mafanikio, lakini kesi ya madai ingalipo. Katika nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, kama Kenya, Uganda na Tanzania, ukweli ni ngao yako katika kesi hiyo. Ila ni wewe utakayetakiwa kuuthibitisha.

TUFANYE NINI

1. Weka kumbukumbu. Andika tarehe, saa, kilo na fedha. Tunza vikaratasi vya mzani, kadi za saa na hati za mshahara.

2. Sema ulichokiona, usihukumu. "Mzani mwizi" ni shtaka la jinai, nawe huna cheti cha fundi wa mizani. Sema: "Tarehe 4 kikapu changu kilisomwa kilo 27 shambani, na kilo 31 kwenye mzani wa dukani." Hayo yana uzito kuliko matusi mia.

3. Peleka kwanza panapostahili: chama, afisa wa kazi, au afisa wa vipimo. Malalamiko ya nia njema kwa ofisi inayohusika hulindwa kuliko maneno ya kutangazwa. Dai nakala yenye mhuri.

4. Usisambaze ya kusikia. Anayesambaza amesema.

5. Usisimame peke yako. Barua iandikwe na tawi.

6. Ukipata barua ya wakili, usitie sahihi, usifute ushahidi, wala usikae nayo nyumbani. Ilete chamani siku hiyo hiyo. Na ukiitwa mahakamani, usikose kwenda, maana asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa.

Mama yetu mchuma chai alikuwa amefuta picha, lakini vikaratasi vyake vya mzani vya miezi mitatu alikuwa navyo ndani ya mkebe. Wenzake nao walikuwa na vyao. Tawi limeandika barua kwa afisa wa vipimo kuomba mzani ukaguliwe, na wachumaji 43 wametia sahihi. Hakuna neno "mwizi" ndani yake, ila tarehe na kilo. Mpaka tunapokwenda mitamboni, yule wakili hajaandika tena.

Mmoja hutishwa kwa barua moja. Watu 43 wenye vikaratasi mkononi si rahisi kuwatisha.

Umoja ni nguvu.