Imbeni, lakini fungueni madirisha

Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mazoezi ya kwaya hayangojei joto. Jioni ya Julai utawakuta waimbaji wametoka kwenye mashamba ya viazi, darasani, gereji, dukani na kwenye vijiwe vya bodaboda, wamejipanga kwenye mabenchi na makoti yao na kofia za sufu. Sauti ya kwanza na ya pili mbele, ya tatu na ya nne nyuma. Mwalimu anapiga kinanda, kila upande unashika sauti yake, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha mtu aliye jirani na dirisha ameshalifunga. Hakuna anayemlaumu. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Kuimba kwenyewe kuna faida ambazo wanasayansi wamezipima. Kulifunga dirisha lile hakuna faida yoyote, isipokuwa joto.

Tuanze na pumzi. Mtu aliyetulia huvuta karibu nusu lita ya hewa kila anapopumua, mara 12 hadi 20 kwa dakika, wala hafikirii. Mwimbaji hawezi kwenda hivyo. Lazima avute kwa haraka na kwa wingi penye kituo, kisha aitoe hewa ile kidogo kidogo mpaka mstari uishe, pengine sekunde kumi nzima. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya tumbo na ile iliyo kati ya mbavu. Ndiyo maana walimu wa kwaya huwagombeza wanaopandisha mabega. Mabega yakipanda, hewa huingia juu juu tu na kuisha kabla ya neno la mwisho.

Huku nyanda za juu kuna jambo la ziada. Kanieneo ya hewa ya Uyole ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Mwenyeji mwili wake umeshazoea. Mgeni kutoka Kyela au Pwani aliyejiunga wiki hii atahema kwenye mstari ambao kwao angeumaliza kwa raha, na asidhani kwamba sauti imemwisha. Ampe mwili muda.

Upumuaji wa kuimba huugusa moyo pia. Tunapovuta hewa mapigo huongezeka kidogo, tunapoitoa hupungua, na anayesimamia mwendo huo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwavisha vijana 15 wa miaka 18 vifaa vya kupima mapigo na kuwaimbisha pamoja. Kwa kuwa wimbo uliwalazimisha kuvuta pumzi mahali pamoja, mapigo yao nayo yalianza kupanda na kushuka kwa pamoja. Wanakwaya husema siku zote kwamba wakiimba wanakuwa mwili mmoja, na hapo wamepata kipimo kinachowaunga mkono. Ila watu 15 ni wachache, na sitaki mtu aende kutangaza kwamba kwaya inatibu presha. Haitibu. Anayemeza vidonge vya presha aendelee kuvimeza.

Tahadhari hiyohiyo iwafikie wenye mapafu yaliyochoka kwa moshi wa sigara au wa kuni. Mwaka 2017 mtandao wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa tiba, ulipitia tafiti tatu za kuimba kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba. Ulikuta kwamba kuimba ni salama kwao na huenda kunaongeza nguvu za mwili, lakini hakukupunguza kukosa pumzi, na ushahidi wote ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo mzee anayehema na aimbe kwa sababu anapenda kuimba.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya watu kuzoeana. Eiluned Pearce na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwafuatilia kwa miezi saba watu wazima walioanza masomo mapya nchini Uingereza, wengine kuimba, wengine kuandika, wengine kazi za mikono. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2015, mwishoni makundi yote yalikuwa yamezoeana, ila waimbaji walizoeana mapema zaidi. Naye Gregory Barz, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani aliyekaa na kwaya za Kilutheri Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2003 jinsi kwaya za Tanzania zilivyo jamii kamili zenye uongozi wake na utaratibu wa kusaidiana. Uyole hilo halihitaji profesa. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchango wa sare, mchango wa msiba, faini ya kuchelewa na daftari la mahudhurio. Mtu akikosa mazoezi bila taarifa, wenzake hupita nyumbani kwake kuuliza. Kwa jicho la afya, daftari lile lina thamani kuliko kinanda, na mwishoni nitaeleza kwa nini.

Kinachoumia mapema kuliko vyote kwa mwanakwaya ni koo. Ndani ya zoloto, sehemu ile inayotokeza kooni kwa wanaume, kuna mikunjo miwili ya nyama laini inayoitwa nyuzi za sauti. Hewa inayotoka mapafuni huifanya itetemeke na kugongana, kama mara 120 kwa sekunde mwanamume anapozungumza na kama mara 200 kwa mwanamke. Sauti ya kwanza ikipanda mpaka noti ya A ya juu, hapo ni mara 880 kwa sekunde. Piga mwenyewe hesabu ya mazoezi ya saa mbili.

Na mwanakwaya wa ridhaa haji na koo lililopumzika. Mwalimu wa shule ameshapaza sauti tangu asubuhi mbele ya darasa lililojaa. Mama ntilie ametoka kwenye moshi. Agosti ikifika kuna Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, hapo hapo Uyole, vumbi limetanda, spika zinapigana, na anayepanda jukwaani anataka asikike kuliko banda la jirani. Kesho yake sauti imekauka. Mambo yakienda hivyo kwa miezi, nyuzi za sauti huota vinundu, kama sugu kwenye kiganja cha mshika jembe, na hazikutani tena vizuri. Sauti inakwaruza, noti za juu zinakatika.

Hapo ndipo tiba za mabenchi ya nyuma zinapoanza: yai bichi, tangawizi, ndimu na asali, pipi za minti. Lakini ukimeza kitu, kidakatonge hufunika njia ya hewa na chakula kikaingia kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, kwa hiyo hakuna unachomeza kinachozigusa. Kingezigusa, ungepaliwa. Asali na tangawizi vitatuliza koo la juu na kikohozi, sawa. Yai bichi haliisaidii sauti chochote, na linaweza kukuachia salmonela na tumbo la kuendesha siku ya tamasha.

Maji yanasaidia, ila hupitia kwenye damu kwanza, kwa hiyo yanywe tangu mchana badala ya kugugumia chupa nzima mazoezi yakianza. Mvuke ndio unaozifikia nyuzi moja kwa moja. Baada ya nyungu za wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 hakuna anayehitaji kufundishwa kujifukiza, lakini bakuli la maji ya moto yaliyopoa kidogo linatosha, maana sufuria linalochemka chini ya blanketi limewaunguza watu. Na aliyepotewa na sauti anyamaze kweli. Kunong'ona si kunyamaza, kwa wengi huzikaza nyuzi zilezile.

Sauti iliyokauka ikipita wiki tatu bila kurudi, acha tiba za mabenchi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda ni vinundu. Huenda ni asidi inayopanda kutoka tumboni. Kwa mvutaji sigara inaweza kuwa saratani ya zoloto. Na kuna la nne ambalo wanakwaya hawalifikirii: kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye zoloto lenyewe, kikaanza kwa sauti kukwaruza tu. Aina hiyo ya kifua kikuu huambukiza haraka kuliko nyingi.

Ndiyo maana dirisha lile linanisumbua. Mwaka 1968 Robert Loudon na Rena Marie Roberts wa Marekani walipima chembechembe ndogo zinazobaki hewani baada ya mtu kuzungumza, kukohoa na kuimba, wakakuta kuimba kunakaribiana na kukohoa. Wakati wa UVIKO-19, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walipima upya kwa mitambo ya kisasa na kurekebisha jambo moja la maana: cha kuangalia zaidi ni ukubwa wa sauti. Kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, uzito wa chembechembe uliongezeka mara 20 hadi 30. Kwaya zetu, tuseme ukweli, hazisifiwi kwa kuimba taratibu.

Machi 10 mwaka 2020, wanakwaya 61 wa Skagit, jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua. Ripoti ya maofisa wa afya ilihesabu wagonjwa 53, wakiwemo waliothibitishwa kwa kipimo na waliohesabiwa kwa dalili, na wawili kati yao walifariki. Nao hawakuwa watu wazembe, maana wakati huo wengi walidhani kusafisha mikono kunatosha.

Tone kubwa la mate huanguka sakafuni. Chembe ndogo huelea, na yenye bakteria wa kifua kikuu inaweza kubaki hewani kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Jioni ya baridi utaona mvuke mweupe ukitoka midomoni mwa waimbaji na kupotea mara moja. Huo ni unyevu tu wa pumzi. Chembe ninazozisema hazionekani kwa macho, na zinaendelea kuelea mvuke ukishapotea.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na VVU humrahisishia kifua kikuu kazi. Si ajabu kwamba kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, jijini Mbeya kimejikita kwenye magonjwa hayo mawili.

Dawa ya hewa mbaya haina bei. Mwaka 2007 Roderick Escombe na wenzake walichapisha vipimo vyao vya hospitali za Lima, Peru. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 12 kinachopendekezwa kwa vyumba vya mashine za kusukuma hewa. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifanya vizuri kuliko mapya. Mnaojenga ukumbi mpya, msikilize hilo kabla ya fundi kushusha silingibodi.

Najua jibu la Uyole: baridi itatuua. Haitawaua. Hewa ya baridi na kavu inakausha koo, ni kweli, ndiyo maana mnapasha sauti taratibu, mnafunga skafu shingoni na kuvuta pumzi kwa pua inapowezekana. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, hata kama si yote. Katikati ya mazoezi tokeni nje dakika kumi, milango ikiwa wazi. Jumamosi mchana imbeni uani, maana jua huua bakteria wa kifua kikuu. Mwalimu anapofundisha upande mmoja maneno, wengine wakae nje badala ya kujazana ndani wakingoja zamu.

Anayekohoa asifukuzwe. Akifukuzwa ataficha, na wa kesho naye ataficha. Hapa ndipo daftari la mahudhurio linapofanya kazi: katibu akiona jina limekosekana, anayetumwa nyumbani aulize pia kuhusu kikohozi kilichopita wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Mmoja ampeleke mwenzake kituo cha afya siku hiyohiyo. Tiba ya kawaida ni miezi sita, na mgonjwa mwenye kifua kikuu kisicho sugu kwa dawa huacha kuambukiza mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache, ilimradi anameza dawa ipasavyo. Daktari akimruhusu, arudishiwe nafasi yake kwenye benchi. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya afya vya serikali.