Wastani na Yale Unayoyaficha

Mkoa wa Ruvuma unajulikana nchini kote kwa kilimo cha mahindi. Kila msimu wa mavuno, neno "wastani" husikika sana mjini Songea: wastani wa mvua, wastani wa bei, wastani wa magunia kwa kaya. Je, neno hilo latuambia nini hasa?

Kukokotoa wastani ni kazi nyepesi: hujumlishwa thamani zote, kisha jumla hugawanywa kwa idadi yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Wakulima watano wa kijiji kimoja wamevuna magunia 8, 9, 9, 11 na 63. Jumla ni 100. Tukigawanya kwa 5 twapata wastani wa magunia 20. Tuseme kila kaya yahitaji magunia 12 kwa mwaka. Mpangaji wa maendeleo aonaye 20 pekee atasema kijiji kina ziada. Kumbe kaya 4 kati ya 5 zimepungukiwa! Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa mwenye shibe amewaficha wenye njaa ndani ya hesabu.

Kosa si la hesabu, bali la kutegemea kipimo kimoja. Namba hizo zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, thamani ya kati, yaani ya tatu, ni 9. Thamani inayojirudia zaidi, iitwayo modi, ni 9 pia. Hata mkulima wa tano angalivuna magunia 630, vipimo hivi viwili visingalibadilika, ilhali wastani ungalipanda hadi 133.4.

Mvua nayo yatufundisha jambo hilo. Songea hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, yaani wastani wa milimita 92 hivi kwa mwezi. Je, mkulima apande mahindi mwezi Julai kwa kuutumainia wastani huo? La hasha! Sehemu kubwa ya mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Juni hadi Septemba ni kiangazi.

Hatusemi kwamba wastani hauna faida. Wastani hutueleza kijiji kina mahindi kiasi gani kwa jumla. Hautuelezi yamo katika maghala ya nani. Basi mwanafunzi akishapata jibu lake, na aulize pia: thamani ndogo kabisa ni ipi, na kubwa kabisa ni ipi? Hapo ndipo takwimu zitakapoanza kuwatumikia watu.